Jinsi ya Kuyasoma Mavuno ya Bustani ya Mboga Baada ya Msimu Mgumu

Msimu ukiwa mbaya, mwenye bustani hutamani kung'oa kila kitu kwa siku moja. Nyanya zimeanguka chini zikiwa na madoa meusi, matango yamepinda, maharage yamekauka kabla ya kujaza maganda, na jicho lake limechoka kuyatazama hayo yote. Naomba usubiri wiki moja kabla ya kufyeka. Mmea uliosimama, hata ukiwa unakufa, bado unaonyesha kilichouua. Ukishatupwa kwenye lundo la taka, unabaki na maneno matatu tu ya kuelezea hasara yako, yaani “hali ya hewa”. Huenda maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakuambii ufanye nini msimu ujao.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye matuta machache ya mboga ambaye amepitia joto kali, ukame, mvua zilizopitiliza, au vyote hivyo kwa zamu. Vifaa vinavyohitajika ni daftari, mizani ya jikoni, jembe dogo, kisu kikali na glasi ya maji safi. Katika kila zao tunatafuta jibu la swali moja: je, mmea ulikufa, ulikataa kuzaa, au ulizaa kisha mazao yakaharibika? Watu wengi huziita hasara hizi tatu kwa jina moja, ilhali kila moja ina chanzo chake, na tiba ya moja mara nyingi huiongeza nyingine.

Hatua ya 1: Okoa kilicho hai

Kabla ya kuchunguza chochote, vuna kinachoweza kuliwa. Nyanya iliyoanza kubadilika rangi, hata kama ni doa dogo la waridi kwenye kitako chake, imekwisha kukomaa ndani na itaiva vizuri ikiwa imevunwa. Zipange nyanya za namna hiyo mstari mmoja mmoja bila kuzirundika, mahali penye kivuli na joto la wastani la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Hazihitaji jua ili ziive, na baridi ya friji huharibu ladha yake. Zikague kila siku, na usiziweke pamoja na nyanya zenye madoa, kwa sababu moja iliyooza huambukiza zilizoizunguka.

Kabichi iliyofunga na kuwa ngumu isiachwe shambani mvua inapokaribia baada ya kiangazi, kwani mizizi hufyonza maji mengi kwa ghafla na kichwa hupasuka. Kama huna nafasi ya kuzivuna zote, shika kichwa kwa mikono miwili ukizungushe kidogo mpaka usikie baadhi ya mizizi inakatika. Kwa njia hiyo mmea hunywa maji kidogo na unapata siku kadhaa za kujipanga. Vitunguu ambavyo majani yake yameanguka ving'olewe siku kavu, kisha vianikwe kivulini penye upepo kwa wiki mbili au tatu mpaka shingo ikauke kabisa. Vile vyenye shingo nene havitakaa ghalani, kwa hiyo vitangulie kutumiwa.

Kama bustani ilifunikwa na maji ya mafuriko, mboga za majani zilizoguswa na maji hayo zisiliwe, hata zikioshwa vipi, kwa sababu maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo na wa mifugo ambao hauonekani kwa macho.

Hatua ya 2: Pima kwa uzito na kwa eneo

Kumbukumbu ya mtu aliyevunjika moyo haiaminiki. Pima ulichovuna, ukigawe katika mafungu matatu: kilicho kizuri, chenye kasoro lakini kinachofaa kuliwa, na kilichotupwa. Fungu la tatu ndilo ambalo watu hawalipimi, na ndilo lenye habari nyingi kuliko mengine.

Tuseme tuta lako la nyanya lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 6. Umevuna kilo 11 nzuri na kutupa kilo 7. Ukitazama kilo 11 peke yake utasema nyanya zilikataa, na utaanza kufikiria kuongeza mbolea. Lakini mmea huo ulizaa kilo 18, sawa na kilo 3 kwa kila mita ya mraba, na theluthi moja na zaidi ya mazao hayo iliharibikia kwenye mmea. Hapo mbolea haihusiki kabisa. Unatafuta kilicholiharibu tunda. Kama msimu umekwisha na hukupima lolote, kadiria kwa ndoo au vikapu ulivyokumbuka na uandike wazi kuwa ni makadirio, kisha anza kupima kwa mizani kilichobaki.

Hatua ya 3: Andika kalenda ya msimu uliopita

Chora mstari wenye wiki zote za msimu. Weka tarehe za kusia mbegu, kuhamisha miche, ua la kwanza, tunda la kwanza na vuno la mwisho kwa kila zao, kisha juu yake uweke hali ya hewa: wiki zisizo na mvua, siku za joto kali, mvua kubwa. Mara nyingi jibu hujitokeza hapo hapo, pale unapogundua kuwa wiki ambayo maharage yalichanua ndiyo ile ile ambayo usiku hakulaliki kwa joto.

Sehemu ya kalenda hii inayostahili muda zaidi ni maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Hesabu hii haibadiliki popote duniani, na ndiyo inayokuwezesha kulinganisha mvua na ndoo. Mboga nyingi huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa mita ya mraba, na zaidi ya hapo wakati wa joto kali au kwenye udongo wa kichanga. Niliwahi kuamini kwa moyo wote kuwa namwagilia vya kutosha, kwa kuwa nilibeba ndoo ya lita 10 kila jioni bila kukosa. Nilipopiga hesabu nilikuta lita 70 kwa wiki zikigawanywa kwa tuta la mita za mraba 6 haifiki hata lita 12 kwa kila mita. Mimea yangu ilikuwa ikipata chini ya nusu ya mahitaji yake, tena maji yenyewe yakiishia juu juu, ambako hukauka kwa jua la asubuhi inayofuata. Ni afadhali kumwagilia mara mbili au tatu kwa wiki kwa kina kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji yalipo, na yakikaa juu nayo hukaa juu.

Kwa msimu ujao, simamisha kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi na upime kwa rula maji yaliyoingia baada ya kila mvua.

Hatua ya 4: Chunguza mmea kuanzia majani hadi mizizi

Anza na majani, na uangalie ni majani gani yaliyoathirika kwanza. Majani ya chini yakigeuka manjano kwanza huku ya juu yakiwa ya kijani, mmea umepungukiwa nitrojeni, kwa sababu mmea huihamisha nitrojeni kutoka kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machipukizi. Jambo hili ni la kawaida baada ya mvua kubwa iliyoosha udongo. Majani mapya yakiwa ya manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani, upungufu ni wa chuma, na mara nyingi udongo hauna uhaba wa chuma bali una magadi au umejaa maji kiasi kwamba mizizi haiwezi kukifyonza. Nyanya na viazi mviringo vyenye madoa ya kahawia yaliyo na miduara ndani ya miduara, kuanzia majani ya chini, vina ugonjwa wa bakajani tangulia. Madoa mapana yenye rangi kama ya jani lililomwagiwa maji ya moto, yanayoenea kwa siku chache wakati wa ubaridi na unyevu, na yenye ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, ni bakajani chelewa. Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi nchini Ireland kuanzia mwaka 1845, na kasi yake haijapungua tangu wakati huo.

Kunyauka kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiko kunakowapotosha watu kuliko dalili nyingine yoyote. Mmea unaonyauka mchana na kusimama tena jioni unajikinga na joto, na huenda hauna shida kubwa. Unaonyauka mchana na usiku unaweza kuwa na kiu, lakini vilevile unaweza kuwa umezama katika maji, kwa kuwa mizizi iliyokosa hewa haiwezi kufyonza maji hata yakiwa yameizunguka. Chimba kwa kidole hadi sentimita 8 au 10. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu, usiongeze hata tone. Chimba mmea mmoja uutazame chini. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, ngozi yake huchomoka ukiivuta kwa vidole, na ina harufu ya kinamasi.

Kama udongo una unyevu, mizizi haijaoza sana, na nyanya, pilipili au biringanya imenyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole karibu na ardhi, kifute, kisha kibane kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa glasi ya maji safi ili ncha ya chini iguse maji, na usiitikise. Nililifanya jaribio hili kwenye tuta ambalo nilikuwa nikilizidishia maji kila siku kwa kudhani lina kiu. Kabla ya dakika tano kupita, uzi mweupe mwembamba ulianza kushuka kutoka kwenye ncha ya shina, ukapinda polepole kama moshi usio na upepo, mpaka maji ya chini yakawa na rangi ya maziwa yaliyochujwa. Uzi huo ni bakteria wenyewe wakitoka kwenye mishipa ya mmea, na ugonjwa ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kuuponya, unaishi udongoni kwa miaka mingi, na hutembea kwa maji, kwa jembe na kwa viatu. Kumbe kila ndoo niliyoimwaga ilikuwa inausafirisha hadi mmea wa pili. Kama uzi hautoki, pasua shina kwa urefu: mishipa ikiwa na rangi ya kahawia na majani yakawa yameanza kugeuka manjano upande mmoja wa mmea, shuku mnyauko unaosababishwa na fangasi.

Malizia na mizizi ya kila zao lililodumaa. Vivimbe visivyo na umbo maalumu, vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe na visivyobanduka, ni kazi ya minyoo midogo ya udongoni iitwayo minyoo fundo. Usivichanganye na vinundu vidogo vya duara kwenye mizizi ya maharage na kunde, ambavyo hubanduka ukivisugua kwa kidole na ndani vina rangi ya waridi. Hivyo ni makazi ya bakteria wanaoupatia mmea nitrojeni, na kuviona ni habari njema. Nimemwona mtu aking'oa maharage mazima kwa kudhani vinundu hivyo ni ugonjwa, na bado naumia nikikumbuka.

Hatua ya 5: Lisome tunda

Nyanya hueleza mengi kuliko mboga nyingine, na aliyeielewa nyanya yake amekwisha kuelewa nusu ya bustani. Doa lililodidimia kwenye kitako cha tunda, likianza kama lililoloa maji kisha kuwa jeusi na gumu kama ngozi, huitwa kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza. Kitako cha tunda kimekosa kalisi, yaani madini ya kalsiamu, lakini usikimbilie kununua kalisi, kwa sababu mara nyingi imo udongoni ya kutosha. Kalisi husafiri ndani ya maji yanayopanda kutoka mizizini, na majani, ambayo hupumua maji mengi, hujipatia sehemu kubwa. Tunda hupata kidogo, na ncha yake ya mwisho hupata kidogo zaidi. Maji yakikatika kwa siku chache wakati tunda linakua, ncha hiyo hufa. Kalisi inayonyunyizwa kwenye majani haiwezi kurudi nyuma na kuingia kwenye tunda, kwa hiyo haisaidii sana. Tiba ni maji yasiyokatika, matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina, na kutozidisha mbolea ya nitrojeni. Kumbuka pia kuwa matunda ya kwanza ndiyo huathirika zaidi. Ondoa yaliyoharibika uuache mmea, kwani ukipata maji ya uhakika vishada vinavyofuata huweza kutoka safi.

Tunda lililopasuka kuzunguka au kutoka kwenye kikonyo limepata maji mengi baada ya kiu, ganda likiwa limekwisha kukakamaa. Tunda lenye baka jeupe linalofanana na karatasi upande unaotazama jua limebabuka, na ukichunguza utakuta kuwa majani yaliyolifunika yalipukutika kwa ugonjwa au yalipogolewa kupita kiasi. Tunda lililokomaa likabaki la manjano au la rangi ya chungwa bila kuwa jekundu limekutana na joto linalopita nyuzi 30 hivi, kiwango ambacho rangi nyekundu ya nyanya haitengenezeki ipasavyo. Lichume likaivie kivulini. Na kama mmea ni wa kijani, umestawi, lakini hauna matunda, tafuta vikonyo vya maua vilivyokauka: mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Usiku wenye baridi ya chini ya nyuzi 13 huleta matokeo yale yale. Katika hali hiyo mmea haujashindwa. Unasubiri hewa ibadilike, na kuung'oa ni kutupa mavuno ya mwezi unaofuata.

Mazao mengine nitayapitia kwa ufupi. Tango lililopinda au lililonenepa upande mmoja halikuchavushwa vizuri, kwa kawaida kwa sababu nyuki hawaruki sana wakati wa mvua au kwa sababu dawa ilipulizwa maua yakiwa wazi. Tango chungu lilipata kiu na joto. Maboga na mamung'unya huanza kwa kutoa maua dume, kwa hiyo maua ya mwanzo kuanguka si hasara, lakini kibofu kidogo nyuma ya ua jike kikioza, chukua ua dume asubuhi na mapema, ondoa petali zake, na upake chavua yake kwenye ua jike wewe mwenyewe. Maharage yenye majani mengi na maganda machache yalizidishiwa nitrojeni au yalichanua wakati wa joto. Letusi iliyorefuka na kuwa chungu imeharakishwa na joto na siku ndefu kutoa mbegu, wala hakuna cha kuirudisha. Karoti zenye miguu miwili au mitatu zimekutana na mawe, udongo uliogandamana au samadi mbichi. Karoti ambazo hazikuota kabisa, mara nyingi ukoko wa udongo ulikauka juu yake, kwani mbegu yake hukaa hadi wiki tatu kabla ya kuchomoza na katika muda huo wote haivumilii kukauka.

Hatua ya 6: Tenga cha mbingu na cha mkono wako

Sasa unayo orodha ya hasara na sababu zinazoshukiwa. Zipime kwa mpangilio wa madhara yake shambani. Kitu kilichoathiri mstari mzima kwa usawa, au mazao ya aina mbalimbali kwa siku moja, kwa kawaida ni hewa, maji, udongo au dawa iliyokosewa. Kilichoanza kwenye mmea mmoja au kona moja, kikaenda kwa jirani yake, kisha kikaliacha zao la ukoo mwingine bila kuligusa, kwa kawaida ni ugonjwa au mdudu. Na kama tuta moja la nyanya limekufa huku lingine la mbegu hiyo hiyo, lililopandwa siku hiyo hiyo, limezaa, basi hali ya hewa haiwezi kubeba lawama yote, kwa sababu jua na mvua viliyafikia matuta yote mawili. Nenda ukatazame tofauti: mteremko, kivuli, matandazo, zao lililotangulia.

Fanya kazi hii bila kujihukumu. Katika daftari langu natumia safu mbili tu, moja ya nisichoweza kukibadilisha na nyingine ya ninachoweza, na kila msimu safu ya pili huwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Joto siwezi kulizuia. Tarehe ya kusia mbegu, kina cha maji, matandazo na kivuli ni vyangu.

Hatua ya 7: Yahoji mafanikio pia

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Zao lililofanikiwa katika msimu mgumu lina thamani kubwa kuliko zao lililofanikiwa msimu mzuri, na mwenye bustani hulila, hufurahi, na hasahihishi daftari. Chukua zao lililokushangaza na uliulize maswali yale yale. Pilipili zilizozaa huenda zilikingwa jua la alasiri na maharage yaliyotambaa kwenye fito upande wa magharibi. Kabichi zilizofunga vizuri huenda ndizo zile ulizochelewa kuzipanda kwa wiki mbili, zikaruka joto bila wewe kukusudia. Andika bahati hiyo, ili mwaka ujao iwe mpango.

Usiharakishe kuipa mbegu sifa zote. Kama aina mbili za nyanya zilipandwa mahali pawili tofauti, hujui bado kama iliyoshinda ni mbegu au mahali. Lakini kama zilikaa tuta moja, bega kwa bega, na moja ikazaa huku nyingine imekauka, hapo una ushahidi wa kutosha wa kuhifadhi mbegu yake, mradi isiwe chotara, kwa sababu watoto wa chotara hawafanani na mama. Nyanya na maharage hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo mbegu zake huaminika. Maboga ya aina tofauti yaliyokaribiana huchanganyika. Usichukue mbegu kwenye mmea uliokuwa na ugonjwa, hata kama tunda lake lilikuwa zuri.

Hatua ya 8: Safisha, kisha uushughulikie udongo

Sasa ndipo unapong'oa. Masalia yenye afya yaende kwenye mboji. Yenye mnyauko, minyoo fundo au virusi yasiingie humo, isipokuwa kama lundo lako hufikia kweli nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa na hugeuzwa vizuri. Malundo mengi ya nyumbani hayafiki hapo. Osha jembe na kisu ulivyotumia kwenye tuta lenye ugonjwa kabla ya kuingia tuta jingine, na siku zote umalizie kazi kwenye tuta hilo.

Nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Pale ulipopata ugonjwa wa udongoni, usirudishe zao lolote la ukoo huo kwa miaka mitatu au minne, na kwa mnyauko bakteria hata zaidi kama nafasi inaruhusu.

Kama mazao ya koo mbalimbali yalidumaa mahali pamoja bila sababu uliyoiona kwa macho, peleka udongo ukapimwe. Chimba vishimo 10 hadi 15 kwa kufuata mstari wa pembe pembe, vyenye kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye udongo wake kwenye ndoo safi ya plastiki, na uchukue nusu kilo ya mchanganyiko huo. Mboga nyingi hupenda pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ya kati ya 6 na 7. Usimwage chokaa kwa kubahatisha, kwani iliyozidi huchukua muda mrefu sana kuondoka.

Tuta lililomalizika kusafishwa lisiachwe uchi. Lifunike kwa nyasi kavu, au panda mikunde ya muda mfupi, ili mvua inayofuata isiondoke na kilichobaki.

Hatua ya 9: Panga mabadiliko machache

Baada ya uchunguzi huu utakuwa na mawazo kumi au zaidi, na hamu ya kuyatekeleza yote. Chagua moja au mawili kwa kila zao. Ukibadilisha mbegu, tarehe, mbolea na umwagiliaji kwa pamoja, na mavuno yakapanda, hutajua kilichoyapandisha. Acha pia mstari mmoja uendelee kama zamani, uuwekee kijiti chenye alama, na uupime peke yake. Mstari huo mmoja utakufundisha zaidi ya ushauri wowote, huu wangu ukiwemo.

Badiliko ambalo ningelitanguliza kwa mtu yeyote aliyepoteza zao kwa sababu ya hewa ni kugawa siku za kupanda. Badala ya kusia mbegu zote za maharage au karoti siku moja, zigawe mafungu matatu yenye kupishana kwa wiki mbili au tatu. Joto la siku kumi litakalopukutisha maua ya fungu la kwanza litalikuta la pili likiwa bado majani na la tatu likiwa ardhini. Badiliko la pili ni matandazo, na la tatu, kwa wenye jua kali, ni wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga juu ya letusi na miche iliyotoka kuhamishwa.

Kabla ya tarehe ya kwanza kufika, toa mbegu ulizobakiza na uzijaribu. Hesabu mbegu 20, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko na ukiweke mahali penye joto la wastani, ukikikagua kila siku kisikauke. Zikiota 14, uotaji ni asilimia 70, basi sia karibu mara moja na nusu ya kawaida. Zikiota chini ya 10, tafuta mbegu nyingine. Anza na vitunguu, kwa sababu mbegu zake ndizo hupoteza nguvu upesi, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili tu, na jibu lake uliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kalenda ya msimu mpya.